Mafundi, tuache kuzima taa ya eabegi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme na mafundi wenzangu, na zaidi ya hapo niseme na wenye magari, juu ya jambo ambalo limeshakuwa la kawaida mno katika gereji zetu za hapa Dodoma, nalo ni kuizima taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka kumkinga mtu gari linapogonga, badala ya kuitafuta hitilafu iliyoiwasha. Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi ninayoifanya hapa Kizota kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na haya ninayoyaandika sikusimuliwa.

Mwezi uliopita mama mmoja mtumishi wa umma, miongoni mwa wale wengi walioletwa huku na uamuzi wa mwaka 2016 wa Serikali kuhamia Dodoma, aliniletea gari lake dogo la kutoka Japani. Hakuja kwa ajili ya eabegi. Alikuja kwa sababu honi ilikuwa hailii, na vile vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani vilikuwa vimekufa. Nilizungusha ufunguo bila kuwasha injini, nikaitazama dashibodi kama nifanyavyo kwa kila gari linaloingia kwangu: taa ya oili iliwaka, ya betri ikawaka, ya breki ya mkono ikawaka, lakini ile yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake haikuonesha hata dalili. Nikamuuliza, "Samahani mama, taa ya eabegi ya gari hili huwa inawaka?" Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Zamani ilikuwa inawaka muda wote, fundi, lakini kuna kijana aliitengeneza kwa elfu ishirini." Nilimwomba ruhusa ya kuifungua dashibodi, na mbele ya macho yake nikamwonesha kazi iliyofanywa kwa elfu ishirini zake. Balbu ya taa ile ilikuwa imechomolewa, na tundu lake limezibwa kwa tepu nyeusi. Kwa miezi saba alikuwa akiendesha hadi Morogoro na kurudi, mara nyingi akiwa na wanawe wawili, akiamini kwamba eabegi yake ni nzima.

Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na aliyeachiwa kombe ni mama aliyelipa.

Ili msomaji asiye fundi aelewe uzito wa jambo hili, inafaa ajue taa ile inasema nini. Eabegi haikai bila kuangaliwa kama tairi la akiba linavyokaa nyuma ya gari. Katikati ya gari, mara nyingi chini ya redio au karibu na gia, pana kompyuta ndogo yenye kazi mbili: kuhisi mshtuko wa ajali, na kukagua afya ya nyaya zote zinazokwenda kwenye eabegi na kwenye mikanda ile inayojikaza yenyewe wakati wa kugonga. Kila eabegi ina kiberiti chake cha umeme, yaani waya mwembamba mno uliozungukwa na baruti kidogo, na waya huo una ukinzani, yaani kipimo cha jinsi unavyouzuia umeme, wa takriban omu 2 tu, pengine unakaribia 3. Kompyuta hupitisha humo mkondo mdogo sana usioweza kuwasha kitu, ikaupima ukinzani huo, na kazi hiyo huifanya tena na tena muda wote swichi ikiwa imefunguliwa, yaani ufunguo ukiwa umezungushwa. Ikikuta omu zimepanda, hujua waya umekatika au soketi imelegea. Ikikuta zimeshuka karibu na sifuri, hujua nyaya mbili zimegusana. Hapo huandika msimbo wa hitilafu katika kumbukumbu yake na kuiwasha taa. Katika magari mengi taa ikishawaka na kubaki, sehemu ya mfumo au mfumo mzima unakuwa umesimama, kwa hiyo gari likigonga siku hiyo, eabegi huenda isifunguke, na mkanda huenda usijikaze.

Ajali yenyewe haina subira ya kusubiri waya uliolegea upate mguso. Tangu kiberiti kiwake hadi mfuko wa dereva ujae, hupita takriban milisekunde 30, muda ambao ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na umeme unaokiwasha kiberiti hicho hupita kwa milisekunde 2 hivi. Njia ya umeme ama ni nzima wakati huo, ama si nzima.

Nirudi kwenye gari la yule mama, kwa sababu linaonesha vizuri jinsi hitilafu ya namna hii inavyotafutwa. Niliirudisha balbu mahali pake kwanza. Ikawaka na kubaki imewaka, jambo ambalo lilinifurahisha, kwa kuwa ilimaanisha taa yenyewe ingali nzima. Kisha nikaunganisha mashine ya kupimia. Msimbo uliotoka ulisema kwamba saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 2000 msimbo huo huandikwa B1801, na ndugu zake ni B1800 nyaya zikigusana zenyewe kwa zenyewe, B1802 zikigusa bodi, na B1803 zikigusa waya wenye umeme wa betri.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Fundi husoma "eabegi ya dereva imekatika", akamwambia mteja eabegi imekufa, akamtuma kwenye maduka ya spea za mtumba akanunue nyingine. Msimbo hutaja njia, hautaji kifaa. Njia hiyo huanzia kwenye kompyuta, ikapita chini ya zulia, ikapanda kwenye nguzo ya usukani kupitia soketi moja au mbili, ikaingia kwenye ule utepe wa nyaya unaojikunja na kujikunjua chini ya usukani, ambao mafundi tunauita klokispringi, ndipo ikafika kwenye eabegi. Katika sehemu zote hizo, eabegi yenyewe ndiyo ambayo mimi nimeikuta na kosa mara chache kuliko nyingine yoyote.

Mama huyu alikuwa ameshanipa jibu kabla sijaligusa gari lake. Honi, vitufe vya redio na eabegi ya dereva vyote hupitisha nyaya zake katika utepe ule mmoja, kwa sababu usukani unazunguka na waya wa kawaida ungejisokota hadi ukatike. Vitu vitatu vikifa kwa pamoja, na vyote vitatu vikawa vinapita mlango mmoja, fundi hana haja ya kuanza kuchimbua zulia. Hata hivyo kushuku si kuthibitisha, na kazi ya eabegi hairuhusu kubahatisha.

Nilifungua kichwa cha hasi cha betri, nikakifunga kwa kitambaa kisiguse mahali, nikasubiri. Kusubiri huku si mapambo. Ndani ya kompyuta ya eabegi mna kapasita zinazohifadhi umeme, zilizowekwa kwa makusudi ili betri ikipondwa katika ajali, eabegi bado iweze kufunguka. Kwa hiyo kuondoa betri peke yake hakuuondoi umeme wote papo hapo. Maelekezo ya Toyota hutaka sekunde zisizopungua 90, na watengenezaji wengine hutaka dakika 3. Mimi husubiri dakika 5, nikatumia muda huo kupanga vifaa. Nimeona vijana wakichomoa soketi ya eabegi huku ufunguo uko kwenye swichi na redio inaimba, na nimewaambia waziwazi kwamba mfuko ule ukifunguka mikononi mwao, watavunjika mikono au kupoteza macho.

Nilipoitoa eabegi niliibeba kifuniko chake kikiwa kimeelekea mbali na mwili wangu, nikailaza mezani kifuniko kikitazama juu, kwa sababu ikilipuka ikiwa imelala kifudifudi itaruka kama kombora. Sikuipima kwa mita, wala fundi yeyote asiipime. Mita hupitisha umeme wake katika kile inachokipima, na tesa ya balbu hupitisha mwingi zaidi, na kile kiberiti hakijui kama umeme huo umetoka kwenye kompyuta au kwa fundi mwenye haraka. Badala yake, kwenye soketi iliyokuwa imeshika eabegi niliweka rezista ya omu 2, yaani kipande kidogo chenye ukinzani maalumu, ambayo kwa kompyuta inaonekana sawa na eabegi nzima. Nikarudisha betri pasipo mtu ndani ya gari, nikafuta misimbo, nikafungua swichi. Msimbo ulirudi uleule. Kama eabegi ndiyo ingekuwa na kosa, msimbo ungeondoka kwa sababu haikuwapo tena kwenye saketi. Kwa kuwa ulibaki, kosa lilikuwa nyuma yake, na mama akawa ameokoa fedha ya eabegi ambayo mtu mwingine angemnunulisha.

Baada ya kuondoa betri tena na kusubiri tena, niliuchomoa utepe pande zote mbili, nikaupima peke yake huku nikiuzungusha polepole. Usukani ukiwa wima, mita ilionesha chini ya omu 1, kama inavyotakiwa. Nilipouzungusha nusu duara kwenda kulia, usomaji ukapotea. Niliporudisha, ukarejea kwa kurukaruka. Utepe ulikuwa umekatika ndani, ncha zake zikigusana na kuachana kadiri usukani unavyozunguka.

Nikamuuliza mama kama gari liliwahi kufanyiwa kazi ya usukani, naye akakumbuka kwamba mwaka jana, kabla taa haijaanza kuwaka, raki ya usukani, ile sehemu ya chini inayogeuza magurudumu, ilishushwa katika gereji moja ambayo sina sababu ya kuitaja. Mafundi wa kazi za chini ya gari naomba wanisome vizuri hapa. Utepe ule una urefu wa kutosha mizunguko ya usukani kutoka kona moja hadi nyingine na ziada kidogo tu. Ukishatenganisha usukani na raki bila kuufunga usukani kwa mkanda wa kiti au kamba, mtu akauzungusha ovyo kisha ukaurudisha raki ikiwa katikati na utepe ukiwa pembeni, siku ya kwanza dereva atakapokata kona kamili utepe utavutwa hadi uchanike. Anayelaumiwa siku hiyo ni fundi umeme, ilhali kosa lilitendeka chini ya gari. Ndiyo maana hata ninapofunga mpya, magurudumu huwa yamenyooka kwanza, nao utepe nauzungusha kwa mkono kushoto hadi ugome, kisha nauregesha kulia, kwa magari mengi ya Toyota takriban mizunguko 2 na nusu, mpaka alama zake zikutane.

Lipo jambo moja la kitaalamu ambalo limewapotosha mafundi wengi wazuri, na naona ni haki nilieleze. Ndani ya soketi nyingi za eabegi, ambazo utazitambua kwa rangi yake ya njano, mna kipande chembamba cha bati ambacho soketi ikichomolewa hulala juu ya pini mbili na kuziunganisha. Kiliwekwa ili umeme wowote wa bahati mbaya, hata ule wa msuguano wa nguo, usikifikie kiberiti wakati soketi iko wazi. Fundi asiyekijua hupima nyaya zile, akaona zimeungana, akatangaza kwamba kuna mgusano, akaanza kuchana waya mzima wa gari akitafuta kosa ambalo halipo. Nimelipokea gari moja ambalo zulia lake lote lilikuwa limekatwakatwa kwa sababu hiyo.

Si kila gari huleta dalili zilizo wazi kama honi iliyokufa. Kwa uzoefu wangu wa hapa Dodoma, mahali panapoongoza kwa hitilafu ni chini ya viti vya mbele. Humo zimo soketi za njano za eabegi ya pembeni na za mkanda, na viti husukumwa mbele na nyuma kila siku, na chini yake hutupwa chupa za maji, viatu vya watoto na mifuko ya sokoni. Kiangazi chetu ni kirefu, na vumbi jekundu la mitaa ya Nkuhungu, Nala na Ntyuka, achilia mbali la wale wanaokwenda kila juma vijiji vya Bahi na Chemba, huingia hadi ndani ya soketi. Vumbi kavu peke yake lingevumilika. Balaa huja pale gari linapopelekwa kuoshwa na kijana akaelekeza mpira wa maji ndani kabisa, akasugua zulia kwa sabuni na kuliacha likauke lenyewe. Maji yakichanganyika na vumbi lile hula pini, zikaota ukungu wa kijani, na omu moja au mbili za ziada zinatosha kuiwasha taa, kwa kuwa saketi nzima haizidi omu 2 na ushei. Hapo tiba yake ni kusafisha pini kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kukaza mguso wake, na kuifunga soketi hadi ilie, kisha kuushikiza waya mahali ambapo reli ya kiti haiufikii. Kazi hiyo, baada ya kusubiri kapasita zitulie, haichukui nusu saa.

Wapo pia panya, hasa kwa magari yanayolala nje karibu na maghala ya mahindi ya Kibaigwa, na wapo wafungaji wa redio na wa vifaa vya kufuatilia magari ambao huvuta umeme kutoka waya wowote wanaoukuta chini ya dashibodi. Nimekuta kifaa cha kufuatilia gari kimeungwa kwenye waya unaoilisha kompyuta ya eabegi. Na betri iliyochoka nayo huweza kuiwasha taa bila kosa lolote kwenye eabegi, jambo ambalo hupimwa kwa dakika moja na lingepaswa kupimwa kabla ya mengine yote.

Waya ukikutwa umekatika kweli, kuna swali la kuuunga au kuubadilisha. Katika hili sikubaliani na mazoea yetu ya kusokota na kufunga tepu. Watengenezaji kadhaa, Toyota wakiwemo, huelekeza waya wa eabegi ulioharibika ubadilishwe, na sababu yake naiona kuwa ya haki: kiungo cha kusokota ambacho honi au taa ya ndani ingekivumilia kwa miaka, hapa huongeza ukinzani katika saketi isiyo na nafasi ya makosa, na hulegea kwa joto la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Sasa niseme juu ya ubaya unaozidi ule wa kung'oa balbu. Mwaka huu alinijia mzee mmoja wa Bahi, mtu wa heshima aliyenipokelea mkono na kunisalimu kwa mbukwa, akitaka nimpimie gari alilokuwa amelinunua Dar es Salaam kwa mkono wa pili. Taa ya eabegi iliwaka na kuzimika kama kawaida. Kilichonishtua ni kwamba rangi ya kifuniko cha usukani ilikuwa tofauti kidogo na ya usukani wenyewe, na dashibodi upande wa abiria ilikuwa na mstari uliojazwa gundi. Nilipofungua, nilikuta mfuko mtupu uliokwisha kulipuka umekunjwa na kurudishwa ndani, na penye kiberiti pameungwa rezista ndogo, ileile ninayoitumia mimi kwa dakika kumi kupimia. Upande wa abiria hali ilikuwa hivyohivyo. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nimekuwa nikibebwa na sanduku tupu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu aliyeweka rezista ile alifahamu saketi vizuri kuliko mimi nilipoanza kazi, akautumia ufahamu huo kumdanganya mwenzake juu ya uhai wake.

Kwa ajili ya watu kama mzee huyu nawaomba wanunuzi wafanye mambo machache wenyewe, hata kabla ya kumwita fundi. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiwashe injini. Taa ya eabegi iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde chache, ambazo kwa Toyota nyingi ni takriban 6, huku taa ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, imeng'olewa au imekufa. Ikibaki imewaka hadi unapowasha injini ndipo ikazimika pamoja na taa ya betri, basi kuna mtu ameunga waya wake kwenye taa ya betri ili ikuridhishe. Vuta mkanda kwa ghafla uone kama unashika, kisha uuachie uone kama unarudi wenyewe, kwa sababu mkanda uliokwisha kujikaza katika ajali mara nyingi hubaki umekwama. Tazama tarehe iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mkanda chini kabisa, uilinganishe na umri wa gari. Jaribio la taa halitamfichua aliyeweka rezista. Huyo hufichuliwa na fundi anayefungua kifuniko na kutazama kwa macho.

Na mtu asidhani kwamba dawa ya hayo ni kununua eabegi ya mtumba bila kuuliza imetoka wapi. Kampuni ya Takata ya Japani, ambayo eabegi zake ziliwekwa katika magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda na mengine mengi, ilitumia nitrati ya amonia katika vilipuzi vyake, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, mfuko unapofunguka kikombe cha chuma kikapasuka na kurusha vipande kwa aliyeketi mbele yake. Honda ilianza kuyaita magari yake yarudishwe mwaka 2008, na Takata yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2017, baada ya makumi ya mamilioni ya vifaa hivyo kuitwa virudishwe duniani kote. Taa ya dashibodi haiwezi kukwambia lolote kuhusu kasoro hii, kwa sababu nyaya zake huwa nzima kabisa. Namba ya chesisi ndiyo itakayokwambia, kwa kuitafuta katika tovuti ya mtengenezaji wa gari, na ni kazi ya dakika mbili kwa mtu mwenye simu.

Kwa wakaguzi wa magari, wakiwemo askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani wanaotukagulia breki, tairi na taa za nje, ombi langu ni kwamba waitazame na taa hii wanapokuwa wameshika ufunguo wa gari mkononi. Kwa walimu wanaofundisha umeme wa magari katika vyuo vya VETA, naomba kijana asimalize masomo kabla hajaishika rezista ya omu 2 na kuonyeshwa kile kipande cha bati ndani ya soketi ya njano, kwa sababu wengi wanaoing'oa balbu hawana roho mbaya. Hawakufundishwa njia nyingine, na mteja amesimama juu yao akitaka taa izimike kabla ya saa kumi.

Kwa mafundi wenzangu wa Kizota, Majengo, Chang'ombe na kwingineko, ninalo pendekezo ambalo mimi nimeshaanza kulifuata. Gari likishatengenezwa, fundi asiliwashe yeye. Amkabidhi mwenyewe ufunguo, aketi kwenye kiti chake, afungue swichi bila kuwasha injini, ahesabu kwa sauti. Yule mama alifanya hivyo jioni ileile niliyomfungia utepe mpya, huku mwanawe mdogo akihesabu pamoja naye kutoka kiti cha nyuma; walipofika sita taa ikazimika, naye akaibonyeza honi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme wa magari,
Kizota, Dodoma.